Macho ya Papa Ignace Kaomba Hayakufa

"Mutoto mwenye aliachia masomo njiani hawezi kusoma maisha ya kaka yangu mbele ya padri," Papa Zacharie alisema asubuhi hii hapa kwenye kilio, akivuta karatasi hii upande mmoja, mimi nikiivuta upande wa pili, na shangazi yangu Mama Marceline, dada mkubwa wa marehemu, akamjibu bila kuinuka kwenye mkeka, "Zacharie, unaogopa masomo yake ao unaogopa macho yake?" ndipo akaiachilia. Kona moja imepasuka, mtanisamehe nikisita pale.

Papa Padri, Mama na Papa wote mliokuja, mimi ni Ketsia, mtoto wa mwisho wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu, Papa Ignace Kaomba, alizaliwa Moba tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi kwa mapadri wa kulekule kuanzia 1967 hadi 1973, akaja Kalemie kwa masomo ya sekondari, akafika mwaka wa nne, akaacha mwaka 1977 baba yake alipofariki, kwa hiyo yeye pia aliachia masomo njiani, na hakuna aliyemkataza kusoma chochote mbele ya watu.

Alikuwa mwandishi wa mizigo bandarini hadi 1985, mwaka huo akavuka ziwa mpaka Kigoma, akarudi na kamera ya filamu, chuma kitupu, nzito kama tofali, na tarehe 2 Mei 1986 akafungua studio yake kule mtaa wa Kataki. Wengi wenu mna picha yake ukutani. Mnakumbuka alivyowakawiza kwenye kiti, kwa sababu ndani ya tundu la kuangalilia mna kiduara kinachokata uso wa mtu vipande viwili, paji la uso linakaa huku, mdomo kule, na mpiga picha anazungusha pete ya lenzi polepole hadi vipande viungane. Yeye hakuamini shavu, alisema shavu laini linadanganya, alitafuta ukingo wa kola, au mguu wa miwani, au kovu, na mteja akilalamika alimwambia, "Ngoja kwanza, pua yako haijafika."

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na mama yetu, Mama Denise, na Mungu akawapa watoto wanne, Prospère, Joëlle, Jovial na mimi, wote tulijifunza kukaa kimya kwenye kile kiti kabla ya kujifunza kutembea.

Hapa ndipo karatasi ilipopasuka, lakini maneno niliyaandika mwenyewe na ninayajua kwa moyo. Mwezi wa Machi 2022 Papa Zacharie, mdogo wa marehemu, aliichukua kamera bila kuomba, akapanda nayo gari-moshi mpaka Kabalo kupiga picha za arusi, akairudisha baada ya siku nane, akaitundika tena kwenye msumari wake studioni kwetu. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo, siku ya Pentekoste, Papa alipiga picha za watoto arobaini na wawili waliopata kipaimara, nyuso arobaini na mbili zikatoka na ukungu, na mama zao wakazileta mlangoni petu, wengine wakicheka, wengine wakilia. Papa Zacharie akapita mji mzima akisema macho ya kaka yake yamekufa, na mwezi wa Agosti akafungua studio yake mwenyewe, hatua ishirini kutoka kwetu.

Papa aliamini. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba aliamini, alijaribu kusoma misale akiisogeza na kuirudisha, na mwezi wa Septemba akaniomba niache masomo niwe macho yake, nikiwa na miaka kumi na minne. Nikatazama katika tundu, nikaunganisha kola, nikaunganisha kovu, na picha zangu pia zikatoka na ukungu, hadi mwaka uliofuata akaifunga studio.

Tarehe 20 Januari 2024 nilifungua mgongo wa kamera, nikatandaza karatasi nyembamba ya fundi cherehani pale filamu inapolala, nikaacha mlango wa mwanga wazi. Katika tundu msalaba wa ukutani ulikuwa umeungana sawasawa, kwenye karatasi ulikuwa moshi, basi tundu ndilo lilidanganya, si macho. Kioo cha ndani kilikuwa kimehama, na chini ya ngozi ya kamera kona ilikuwa imebonyea. Mwezi uliofuata Mama Monique, aliyekuja kutoka Kabalo kuuza mahindi, akamuuliza Papa kwa nia njema kabisa, "Ile kamera iliyoanguka kwenye ngazi za kanisa siku ya arusi ya binti yangu, mdogo wako akatuapisha tusiseme, ilipona?" Mama Monique ameketi pale, kitenge cha kijani, muulizeni.

Nilikirudisha kioo mahali pake kwa siku kumi na moja, kwa bisibisi ya saa. Picha iliyo juu ya jeneza niliipiga kwa kamera hiyohiyo, sogeeni mhesabu ndevu zake. Kwa desturi yetu vyombo vya marehemu vinaenda kwa mdogo wake, na Papa Zacharie anaiulizia kamera tangu juzi. Mama Marceline amekataa, na familia inasema mbele ya jeneza hili kwamba haiendi kwake. Ndani yake filamu imebakiza nafasi ya picha moja.

Papa aliugua figo kuanzia Oktoba 2024, akafariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akibakiza siku moja kutimiza miaka sitini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kataki waliotuchotea maji, na wapiga picha wa mji waliobeba jeneza, wote isipokuwa mmoja. Papa, lala kwa amani, jina lako limerudi mahali pake.

Neno la mwisho ni lake. Jumapili tarehe 9 Machi Papa Zacharie alikuja kumsalimia mgonjwa, akala ugali wetu, akasifu mvua, Papa akamtazama muda wote akingoja aungame mwenyewe, na alipoaga bila kusema nilitaka kumkimbilia barabarani nimpigie kelele. Papa aliinuka kitandani, akashika mlango, akanizuia kwa mkono, akasema, "Muache aende, Ketsia. Siku ya kunizika atakaa mbele, hatatikisika, na watu watakuwa wanamuangalia. Ile picha yenye kubakia ni yake. Zungusha polepole mpaka uso wake uungane."