Faili Jembamba la Rafu ya Juu

Mtunza mafaili wa hospitali alikuwa ndani ya basi, akiandika kwenye simu blogu yake ya afya: "Ndugu msomaji, usipuuze maumivu ya kichwa. Kapime presha." Mama wa kiti cha pembeni alichungulia bila haya, kama ilivyo haki ya kila abiria.

"Kumbe ndiye wewe! Mimi nilipima presha baada ya kusoma blogu yako. Wewe ulipima lini?"

"Kazi nyingi, mama. Mafaili mia kwa siku."

"Nimekuuliza lako."

Lake lilikuwa rafu ya juu, lina karatasi moja ya miaka sita iliyopita. Alilijua, maana hulipangusa vumbi mwenyewe. "Kichwa kinauma kidogo tu, tangu mwezi wa pili," akaropoka.

"Miezi minne! Mdogo wangu naye alisema kidogo tu. Leo namlisha kwa kijiko!"

"Usinipigie kelele mbele za watu!"

"Nitapiga! Si ndio wasomaji wako?"

Wasomaji walitazama madirishani, masikio yamesimama.

Basi likasimama hospitalini. Mama, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akanyakua mkoba wa mwenzake na kushuka nao.

"Sijakubali kupimwa!"

"Wala sijakuomba ukubali. Shuka!"