Mzee Mizizi na Ndago ya Msituni

Marehemu, aliyejulikana kazini na mtaani kama Mzee Mizizi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno hata mwalimu mkuu akampa kazi ya kuandika vyeti vya wenzake waliomshinda.

Tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa katika jumba la kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Alikandamiza mimea ndani ya magazeti, akaishonea kwenye karatasi ngumu na kuiandikia vibandiko. Mwaka 1979 alikuta msituni ndago ya kivulini, mmea kama nyasi wenye shina la pembe tatu. Mvua ilikuwa inamkimbiza, akaikata juu ya udongo badala ya kuichimba. Ofisini akaandika kwa kujiamini: "Huishi msimu mmoja." Miaka mitano baadaye mtafiti mgeni aliitazama karatasi ile, akauliza kwa upole mizizi iko wapi. Bila mizizi hakuna awezaye kujua mmea huishi muda gani. Tangu hapo Marehemu alimuuliza kila aliyeleta mmea swali hilohilo, na jina likamganda.

Utaratibu wa jumba haukuruhusu kufuta maandishi ya zamani. Sahihisho liliandikwa kwenye kibandiko kipya, na mtu aliyeona mwenyewe. Marehemu alirudi msituni mara nyingi, asiione ndago yake. Lilimuuma sana kwamba angekufa akiacha uongo kwa mwandiko wake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1978 na fundi cherehani. Wiki ya kwanza tu cherehani ya bibi harusi iligeuzwa kuwa kitu cha kukandamizia majani. Mkewe, tunayemwita Mama, alizoea kuwaambia wageni kwamba ameolewa uke wenza na nyasi.

Alistaafu mwaka 2012. Machi 2022 hatimaye aliipata ndago, kichaka kimoja tu. Hakuwa na moyo wa kuking'oa, akachomeka kigingi ili arudi baada ya mwaka aone kama bado kinaishi. Novemba figo zikamlaza kitandani. Mwaka ulipotimia, Mama alifunga kanga kiunoni, akaenda msituni na binti yao mkubwa, akafukua udongo penye kigingi kwa vidole.

"Umeona mwenyewe?" Marehemu alimuuliza aliporudi.

"Nimeona. Mashina makavu ya mwaka jana na machipukizi ya sasa yameshikana na mzizi mmoja."

Alitabasamu. Mama akampa kalamu, akaikataa.

"Andika wewe. Mimi sijaona."

Alifariki dunia tarehe 2 Aprili 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watano na dada yake mdogo. Jana wenzake wa kazini walikibandika kibandiko kipya kando ya kile cha zamani. Kimeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo: "Huishi miaka mingi." Penye nafasi ya jina la aliyeona, Mama ameandika: "Mke wa aliyekosea."

Mungu amlaze pema, maana alichokihofia kimekwisha.