Nywele za Kitanda cha Dirishani

Ndani ya basi karani alipakata mfuko wa machungwa. Nyuma yake msusi alikuwa akimnong'oneza jirani yake, mnong'ono uliomfikia mpaka dereva.

"Juzi nilikwenda wodini kumwona shangazi. Kitanda cha dirishani kuna bibi, nywele zimeshikamana mpaka chanuo langu likavunjika meno. Na eti ana binti!"

"Labda yuko mbali, dada."

"Mbali wapi? Shangazi anasema huja kila Jumapili. Anatua machungwa, anaangalia saa, huyo anaondoka!"

Karani akashusha mfuko taratibu, akausukumia chini ya kiti kwa mguu.

"Pengine anaogopa kumshika mama mgonjwa," jirani akasema. "Wapo wa hivyo."

"Aogope nini, mamake mzazi? Nilipomaliza kumchana akanishika mkono. 'Ahsante, Kitinda wangu.' Nikashindwa kumwambia siye mimi."

Mtu mmoja tu duniani humwita karani Kitinda.

Basi likasimama mbele ya geti la hospitali. Msusi akamgusa bega. "Dada, si ulimwambia kondakta unashuka hapa?"

"Mbele," karani akajibu bila kugeuka. "Nashuka mbele."