Nyumba Kumi na Nne Bila Choo

Waombolezaji wapendwa, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya Mzee Elijah Kibii Kosgei, mpima ardhi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Keringet, mtoto wa pekee wa marehemu Mama Tabitha Jepkemboi.

Alisoma hapa nyumbani hadi mwaka 1981, sekondari mjini Nakuru hadi 1985, kisha akasomea upimaji Nairobi, na mwaka 1990 akaajiriwa na serikali. Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na Emmy, wakaishi mtaa wa Free Area mjini Nakuru, wakajaliwa Bravin na Valarie.

Mwaka 2016 alitumwa kupima njia ya tawi jipya la reli, na mstari ukapita katikati ya shamba la mama yake mzazi. Mheshimiwa mmoja, ambaye hatumtaji kwa sababu hata leo ametuma shada, aliahidi kuisogeza njia imwachie mama shamba lake, mradi tu Kibii aandikishe kwa ajili ya fidia nyumba kumi na nne za mabati, zilizojengwa kwa wiki moja huko mbele njiani. Kibii alizizunguka zote kwa miguu, akaandika kwa wino kwenye daftari lake: nyumba kumi na nne, choo hakuna hata kimoja.

Kwa kukataa huko alisimamishwa kazi miaka mitatu, shamba likakatwa, na mama, kwa uchungu, akakataa kuongea naye mwaka mzima, ingawa mursik, maziwa yetu ya mgando, alikuwa akimtumia mwanawe kupitia kwa jirani. Kamati ya uchunguzi ilipofika kwenye nyumba zile mwaka 2019, mjumbe mmoja alibanwa na haja akaomba aonyeshwe choo, na mambo yakaishia hapo. Fidia ikaenda kwa waliokuwa wakiishi njiani kweli, naye Kibii akarudishwa kazini.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2023, akatuacha tarehe 2 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani wa Free Area, na yule jirani wa mursik, ambaye yuko hapa.

Mama Tabitha, kabla ya kufariki mwaka 2021, alituonyesha kwa fimbo kipande hiki cha shamba kilichobaki upande wa juu wa reli, akasema hapa ni pake, na hapa kando ni pa Kibii, asizikwe mwingine. Tumepima alivyosema. Pumzika kwa amani, Kibii, kando ya mama yako.