Chumba Chenye Mlango: Maisha ya Mwalimu Hildegardi Kapinga

Maneno haya yameandikwa na Siwema, mdogo wake marehemu, naye ndiye anayeyasoma hapa kaburini. Wazee wa ukoo walimwomba ayaandike kwa upole. Amejaribu. Pale upole ulipomshinda anaomba radhi kwa wafiwa, kwa viongozi wa dini waliopo, na kwa Mwalimu Mkuu Othmar, ambaye atatajwa zaidi ya mara moja.

Mwalimu Hildegardi Kapinga alizaliwa Mpepai, wilayani Mbinga, tarehe 9 Februari 1974, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Vitalis Kapinga na Mama Lidia. Alikulia kwenye kahawa kama watoto wote wa pale. Mama Lidia husimulia kuwa msimu wa kuchuma ndoo ya Hildegardi ilikuwa ya mwisho kujaa, kwa sababu aliongea na kila aliyepita njiani, na wasipopita watu aliongea na mbuzi. Siku moja baba yake akamwambia, "Mwanangu, ungekuwa unachuma kwa mdomo tungekuwa matajiri." Akacheka, akaendelea kuongea.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 hapo hapo Mpepai na kumaliza la saba mwaka 1988. Alisoma sekondari kwa masista kuanzia 1989 hadi 1992, kisha akasomea ualimu Songea na kuhitimu mwaka 1995. Mwaka huo huo alipangiwa Litumbandyosi, darasa la kwanza. Ndipo alipokutana na watoto waliokaa mwaka mzima bila kutoa neno, wakawekwa nyuma ya darasa na kuitwa bubu. Hakuvumilia. Aligundua kwamba wengi wao hawakuwa na tatizo lolote ila hawakujua Kiswahili. Ukiwasalimia kwa lugha ya nyumbani walijibu vizuri na kuuliza habari za kwenu. Lakini walibaki wachache ambao hata kwa Kimatengo maneno hayakutoka. Hao ndio waliomnyima usingizi, na kwa ajili yao akaomba kwenda kusomea elimu maalumu Arusha. Alikubaliwa mwaka 2012, baada ya kuomba mara tano.

Tarehe 12 Oktoba 2002 alifunga ndoa na Bwana Erasmo Chiwambo, fundi seremala wa hapa Liuli. Yeye Mkatoliki wa milimani, mume Mwanglikana wa ziwani. Mashangazi wa pande zote mbili walikuwa na la kusema, na walilisema. Shemeji Erasmo hakubishana na mtu. Alitengeneza kitanda, akatengeneza kabati, akangoja. Walijaliwa watoto wawili, Egidi na Herieth.

Aliporudi kutoka masomoni mwaka 2014 alikabidhiwa kazi ya kufundisha kuongea watoto wenye shida ya usemi, shule moja ya mwambao ikiwa kituo chake na nyingine akizifuata kwa bodaboda au kwa miguu. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye kapu moja, na Siwema anaomba kuvitaja, maana wapo waliodhani dada yake anatembea na mchezo. Kulikuwa na kioo kipana, ili mwalimu na mtoto waonane midomo kwa pamoja. Mirija ya kunyonyea na kupulizia. Manyoya ya kuku, kwa sababu mtoto akisema "pa" sawasawa unyoya huruka, na hapo hahitaji kuambiwa kuwa amepatia. Kichupa cha asali, inayopakwa juu ya mdomo ulimi ukaitafute. Kijiko, sabuni, taulo, na daftari la kila mtoto alipofikia. Mwisho kadi za picha, alizochora mwenyewe.

Alizichora baada ya kuletewa kadi kutoka mbali. Alimwonyesha mtoto picha ya theluji, mtoto akasema ni unga, na Mwalimu akampa vema, maana unga ndio alioujua. Jioni ile akakaa mezani akachora samaki aina ya usipa, mtumbwi, mti wa kahawa, jembe, mama anayepepeta, na mlango.

Kilichobaki ni kitu kimoja tu ambacho hakikuenea kwenye kapu: chumba. Hakuomba jengo. Aliomba chumba kidogo chenye mlango unaofungika, ili mtoto mwenye haya ajaribu sauti bila darasa zima kumcheka dirishani, na ili mvua ikinyesha kwenye bati wasikie wanachosema. Aliomba kwa maneno, akaomba kwa barua, akaomba kikaoni. Ofisi moja, ambayo marehemu alikataza isitajwe, ilimjibu kwa kumletea fimbo nyeupe nne na mashine ya kuandikia nukta nundu. Alibeba vitu hivyo mwenyewe hadi kwa watoto wasioona, akarudi, akaandika barua nyingine.

Chumba kilikuwepo. Kila mtu shuleni alikijua. Kilikuwa na mahindi ya uji wa wanafunzi.

"Mwalimu, mahindi yakikaa nje yataliwa na panya," Mwalimu Othmar alimwambia.

"Na watoto, Mwalimu Mkuu?"

"Watoto wanakunywa uji, Mama. Tuvute subira."

Siwema hakatai kwamba mtoto mwenye njaa hajifunzi kitu, na marehemu naye hakukataa. Ndiyo maana alivuta subira, akafundishia chini ya ukingo wa paa la jiko, moshi ukimwingia machoni. Shemeji Erasmo alimtengenezea meza fupi na viti viwili vya kimo cha mtoto, akawa anavitoa na kuviingiza kila siku. Mkaguzi mmoja alimkuta hapo na binti wa miaka minane aitwaye Glorious.

"Huyu anafundishwa nini? Naona anapuliza unyoya tu," akauliza.

"Anafundishwa kutaja jina la baba yake, mheshimiwa."

"Baba yake nani?"

Mwalimu alimgeukia Glorious, akangoja. Ilichukua muda hata mkaguzi akaanza kutazama saa yake. Kisha binti akakutanisha midomo, unyoya ukaruka, akasema, "Pankras." Mzee Pankras yupo hapa leo, amekaa na majirani, na anajua siku aliyoitwa kwa mara ya kwanza.

Kuna mwalimu mmoja aliyejifunza kazi hii kando yake, Mwalimu Zabron. Alikaa naye muhula mmoja, akarudishwa kwenye hesabu kwa sababu ratiba ilikuwa na pengo. Dada alisema maneno machache tu siku ile, na kwa mtu aliyeongea na mbuzi hayo yalikuwa makali ya kutosha.

Jumanne ya tarehe 27 Mei 2025, akiwa anapanga kadi, alipigwa na kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua maneno. Siwema anaomba watu wakae na jambo hilo kidogo, maana yeye bado halijamtoka: mtu aliyefundisha watoto wetu kuongea alilala wodini bila kuongea, na mkoa mzima familia haikupata mwingine wa kazi yake wa kumsaidia. Siwema, fundi cherehani wa Mbinga mjini, akaenda kulichukua kapu.

Alimpa kadi, naye kwa mkono wa kushoto akawa anagonga moja tu, ya mlango. Wauguzi wakafunga mlango wa wodi. Akagonga tena, wakaufungua. Siku tatu mlango ule ulifungwa na kufunguliwa, mgonjwa akilia kwa hasira na wauguzi, ambao walikuwa watu wema kabisa, wakiudhika kwa kutoelewa. Siku ya nne Siwema akauliza, "Dada, unaulizia chumba?" Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Bado, Dada. Bado kina mahindi."

Akaomba kioo kwa kidole. Siwema akakishika, wakaonana midomo kwa pamoja, mmoja akitengeneza neno na mwingine akilifuata. Asali, mrija, unyoya, kila siku. Tarehe 2 Julai alikutanisha midomo, akasema, "Ba-do." Lilikuwa neno lake la kwanza, na mpaka mwisho hakupata mengi zaidi ya hilo. Akiulizwa kama amechoka, bado. Kama aletewe padre, bado. Alitumia wiki zilizofuata kupitia daftari na Siwema, jina kwa jina, akigonga pale kila mtoto alipofikia, na Siwema akaandika upya. Alipigwa tena na kiharusi, akafariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Jana, Ijumaa, saa kumi jioni, Mwalimu Othmar alikuja msibani. Alimwamkia Mama Lidia, akasogea kwa Siwema na ufunguo mkononi.

"Dada Siwema, chumba kiko wazi."

"Na mahindi?"

"Yako nyumbani kwangu, sebuleni. Tumehamisha mimi na walimu wenzangu."

"Mmetumia muda gani?"

Mwalimu Othmar alitazama chini. "Saa mbili na nusu," akasema.

Siwema alimwomba arudie, akarudia. Siwema akaupokea ufunguo. Saa mbili na nusu, baada ya miaka kumi na moja. Amesamehe kwa sababu dada yake angesamehe, lakini ameona vema saa hizo ziandikwe kwenye karatasi hii, kila mmoja aende nazo nyumbani.

Kuhusu kapu: desturi yetu vitu vya marehemu hugawanywa kwa ndugu, na Mama mdogo Kunigunda ameshauliza kama kioo kizuri vile kitakaa tu kapuni. Kikao cha ukoo kimeamua kitakaa. Nguo zitagawanywa. Kapu halitagawanywa.

Marehemu ameacha mume, Bwana Erasmo, watoto wawili, Egidi na Herieth, wajukuu wawili, mama yake mzazi, na ndugu watano walio hai. Ameacha pia watoto thelathini na mmoja wa kwenye daftari, na kwa kuwa hawana mahali pengine pa kutajwa, watajwe hapa. Glorious amemaliza jina la baba, sasa yuko kwenye jina lake mwenyewe, ambalo ni gumu zaidi. Dorothy anasoma sentensi mbili bila kukwama, asiharakishwe. Praygod asikatwe chochote chini ya ulimi ili eti aongee. Bibi yake yupo hapa na amesikia. Wengine ishirini na wanane wameandikwa nyuma ya karatasi hii, na hakuna aliyemaliza.

Jumatatu tarehe 18 Agosti, saa mbili asubuhi, Mwalimu Zabron atafungua chumba hicho. Mwalimu Mkuu amekubali kumtoa kwenye hesabu, na amekubali mbele ya mashahidi. Shemeji Erasmo atapeleka meza fupi na viti viwili. Wazazi, leteni watoto kama kawaida. Ufunguo anao Siwema, na atamkabidhi Mwalimu Zabron sasa hivi, hapa kaburini, ili kila mtu aone umekwenda kwa nani.

Mungu ampe dada yetu ule utulivu aliouomba kwa miaka kumi na moja. Na tafadhali, msiweke mahindi humo.