Wenye Chupa Wanapita Kwanza

Shikamooni wazee. Vijana wenzangu, mambo? Nimepewa dakika chache na mzee wa kanisa, na naona ameshashika saa yake, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Mama yangu ni yule pale, anayenikonyeza nikae chini. Tumbo lilimuuma, likaanza kujaa. Majirani kule Kirumba wakasema karogwa. Nyinyi hapa mkamwambia afunge. Akafunga kavu kila siku mpaka jioni, hata maji hapitishi, na hakumwambia mtu kuwa ameanza, maana mfungo hautangazwi.

Hospitali ikampangia kipimo cha utrasaundi, kile cha kuangalia ndani, chini ya kitovu. Tukafika mapema, tukakaa kwenye benchi. Nesi akamwita pembeni, akamnong'oneza, mama akaitikia kwa kichwa, akarudi.

"Vipi?"

"Bado, mwanangu."

Jioni chumba kikafungwa. Tukapangiwa siku nyingine, ikawa vilevile.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nina macho. Akina mama waliopita haraka wote walikuwa na chupa ya maji mkononi. Mmoja alitoka mbali, Usagara, kafika mchana, huyo ndani! Nikajua hiyo ndiyo alama, na chini ya chupa kuna noti. Nikawa nazichungulia, mpaka mmoja akaniuliza, "We mtoto, una kiu?"

Mama akaanza kujikunja kwa maumivu. Uvumilivu ukaniisha. Nikamfuata nesi mbele ya foleni yote. "Shikamoo. Hawa wenye chupa wamekupa nini ambacho mama yangu hana?"

"Mkojo," akasema.

Benchi zima likaangua kicheko. Nesi akaendelea, "Kibofu kikiwa kitupu, kipimo hiki hakioni vizuri. Kila akija namwambia anywe maji mpaka abanwe. Ananiitikia tu!"

Nikamgeukia mama. Akaangalia miguu yake. "Nimefunga, baba."

"Mama, Mungu anakusikia hata ukiwa umebanwa."

Mama mmoja kwenye foleni akamfungulia chupa yake. Mama yangu akaishika, midomo ikisali, kisha akanywa yote. Alipobanwa akapimwa, ukaonekana uvimbe. Daktari akasema tungechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Wakautoa.

Asante kwa nesi, kwa mwenye chupa, na kwenu mliomwombea na kumletea uji. Funzo langu: mkimfungisha mgonjwa, muulizeni kwanza anaenda kupimwa nini. Na mgonjwa naye aseme.

Siku hizi nesi anatangaza habari ya maji mlangoni asubuhi, na foleni inakwenda. Nilirudi kuhakikisha anawatangazia wote, si wachache. Ni wote. Angalau mpaka wiki iliyopita; wiki hii sijaenda kuchungulia.