Siku Nilipohubiri Badala ya Kushuhudia

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, yeye aliyeuumba ulimi na anayejua kuufunga! Namsifu kwanza, kwa kuwa haya nitakayoyaeleza hayanipi mimi sifa hata kidogo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nyapara wa maziwa katika shamba la mzungu mmoja, kati ya Gilgil na Nakuru. Niliokoka nikiwa kijana, lakini kusimama mbele ya watu kulinishinda. Nikiitwa kutoa neno kanisani, magoti yaligongana, nikaketi tena. Watu walinicheka.

Aliyenisaidia ni mkamaji mmoja, Kamau. Aliniambia nianze na ng'ombe. Basi kila alfajiri nilihubiri kwa sauti zizini, naye akanisikiliza huku akikama, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe.

"Mwalimu," aliniuliza siku moja, "leo wameokoka wangapi?"

"Wawili. Yule mweusi bado ana moyo mgumu."

"Mweusi amelala! Wewe bwana unatusalimu mpaka maziwa yanaganda ndooni. Sema jambo!"

Nilicheka, sikushika. Mwinjilisti wetu alikuwa ametufundisha kwamba msemaji mwenye adabu humshukuru Mungu, kisha husalimu wazee, akina mama, wageni na watoto, kila kundi kwa zamu yake, kisha hutoa neno la Maandiko, ndipo afikie jambo lake. Hivyo ndivyo sote tulivyosema kanisani, nami kwa njia hiyo nikawa hodari. Niliitwa Njoro, Molo, hata Elburgon. Watu walisema nina ulimi wa asali. Nilipenda kusikia hivyo, ndugu zangu. Nilipenda mno.

Ikaja Hali ya Hatari. Kila Mkikuyu shambani alishukiwa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Mtu mmoja akasema kwamba Kamau alionekana msituni, kwenye kiapo, Jumapili fulani mchana. Ulikuwa uongo! Jumapili ile mchana Kamau alikuwa na mimi. Ng'ombe alishindwa kuzaa, ndama alikuja kwa miguu ya nyuma, tukavuta kwa kamba sisi wawili mpaka jua likaanza kushuka. Hakuna mwingine aliyetuona. Ushahidi ulikuwa wangu peke yangu.

Mkewe, Wanjiru, alikuja kwangu akilia. Nikamwambia, "Nyamaza, mama. Mimi nitasimama, nitasema." Nami nikaketi kutengeneza hotuba.

Siku ya kuchunguzwa tuliketishwa chini mbele ya ghala la pareto. Afisa mzungu alikuwa mezani, mkalimani kando yake, na lori la kupeleka watu kizuizini nyuma yao, limefunguliwa mlango. Kamau alisimamishwa. Mkalimani akauliza, "Kuna mtu wa kumsemea huyu?"

Nikasimama. Magoti hayakutetemeka hata kidogo! Nikamshukuru Mungu kwa siku hiyo. Nikamsalimu bwana mkubwa, nikawasalimu askari, nikawageukia wazee, nikawageukia akina mama. Nikaanza Maandiko juu ya shahidi wa kweli. Sauti yangu ilikuwa nzuri, niliisikia mwenyewe.

Afisa alitazama saa yake, akanong'ona jambo. Mkalimani akasema, "Bwana anasema huyu ni mhubiri, hana ushahidi. Keti, mzee. Anayefuata!"

Ndugu zangu, neno moja tu lilikuwa limebaki. "Alikuwa na mimi zizini." Ningeweza kulipaza. Ningepigwa labda kofi. Lakini niliketi, na sikuketi kwa hofu. Niliketi kwa kuwa nimekasirika! Hotuba yangu ilikuwa imekatwa mbele ya watu, nami nikanuna kama mtoto. Nilipoinua macho, Kamau alikuwa amekwisha kupandishwa lorini.

Jumapili iliyofuata nilihubiri tena. Nikiwa bado katika salamu, Wanjiru akasimama katikati ya kanisa na mtoto mgongoni.

"Mwalimu, sisi hatujambo," akasema. "Mume wangu yuko wapi?"

Nilishuka, nikatoka nje, nikalia nyuma ya ukuta. Hapo ndipo Bwana aliponishika. Hakunipa faraja, alinionyesha moyo wangu: nilikuwa nimeutumia ulimi wote kujipamba, na rafiki yangu ndiye aliyelipa.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya serikali mjini Nakuru. Nikamwambia karani: "Kamau alikuwa na mimi. Tulizalisha ng'ombe. Mimi ni shahidi." Maneno hayo tu. Karani akasema majina yamekwisha kupelekwa mbele. Nilirudi mara tatu, nikafukuzwa mara tatu. Wanjiru na watoto walipakiwa lorini na kurudishwa Reserve, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na nyumba yao akapewa mkamaji mwingine. Mimi ndiye niliyemkabidhi ufunguo.

Miaka ilipita. Kamau alipoachiliwa alipita kanisani kwetu akielekea kwa watu wake. Alikuwa anakohoa, meno ya mbele hakuna. Nilisimama bila salamu, nikasema mbele ya wote: "Huyu hakuwa na kosa. Mimi nilijua, nami sikusema." Nikaketi.

"Nimesikia," Kamau akasema.

Hakunipa mkono. Sikudai. Akachukua fimbo yake akaenda, na mpaka leo sijamwona tena.

Mnaniuliza ushindi uko wapi? Bwana aliniokoa na hofu ya watu, nikamshukuru. Kisha akaniokoa na sifa za watu, na huo ndio wokovu ulioniuma. Sasa nawafundisha wahubiri vijana. Nawaambia: aliye hatarini atajwe kwanza, salamu zitangoja. Wengine huniona mzee asiye na adabu. Na wanione!

Ndugu yangu unayesoma, kama una neno la kumponya mwenzako, mtegemee Mungu ulitoe leo, hata kwa sauti mbaya, hata ukitetemeka. Namshukuru yeye anayenivumilia. Naye akupe kinywa cha kweli saa unapohitajiwa, ailinde nyumba yako, na asikuache kamwe uketi kabla hujasema. Amina.